Namna ya Kuicheka Video Mbovu ya Rock

Kuicheka video mbovu ni kazi, na kazi yenyewe ina ufundi. Kusema "hii takataka" kisha kuendelea na simu yako hakumchekeshi mwenzako, wala hakumwonyeshi ubovu uko wapi. Mwongozo huu ni wako wewe unayeipenda rock, unayejua sauti ya gitaa lililokolea, na unayetaka kukaa na wenzako mbele ya skrini mkavunjika mbavu. Huenda pia unataka kurekodi sauti yako juu ya picha na kuwarushia watu kwenye kundi. Kwa vyovyote, nataka ucheke vizuri, na asionewe mtu.

Anza na uteuzi, maana wengi huharibikia hapo. Tafuta wimbo mzuri wenye kichupa kibaya. Wimbo mbaya ukipata picha mbaya, viwili hivyo vimekubaliana na hakuna pengo la kuchekea. Wimbo ukiwa na nguvu ya kuangusha ukuta, halafu picha ikashindwa hata kusimama, hapo umepata. Tena tafuta watu walioikusudia kazi yao, waliotaka kwa moyo wote video iwe kali. Aliyefanya vibaya makusudi ili achekwe amekwisha kukutangulia.

Usichague kwa kuangalia bei. Video ya Queen ya "Bohemian Rhapsody" ya mwaka 1975 ilipigwa na Bruce Gowers kwa saa chache tu, kwa fedha kidogo, na mpaka leo zile nyuso nne kwenye giza zinamfanya mtu anyamaze. Guns N' Roses nao walitumia zaidi ya dola milioni 1 kwenye "November Rain" ya mwaka 1992, chini ya mwongozaji Andy Morahan. Humo mna kanisa dogo jangwani ambalo ukiingia ndani limekuwa kubwa kupita kiasi. Mvua inaponyesha harusini, mgeni mmoja anajirusha juu ya keki kana kwamba maji yale ni risasi. Bibi harusi anafariki, na video inamalizika pasipo kutueleza kimemuua nini. Fedha zilikuwepo tele. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza, "Kwa nini huyu anairukia keki?"

Kwa mafunzo yetu, nakupendekezea kichupa kimoja ambacho mpenda rock anapaswa kukijua nje ndani: "Separate Ways (Worlds Apart)" cha bendi ya Journey, cha mwaka 1983. Mwongozaji alikuwa Tom Buckholtz, na mahali ni gati la bandari ya New Orleans, kando ya mto Mississippi. Nimekichagua kwa sababu wenyewe si wanyonge. Albamu yao ya Frontiers ilifika nafasi ya 2 Marekani, ikazuiwa na Thriller ya Michael Jackson, na wimbo huu ulifika nafasi ya 8 kwenye chati ya Billboard. Watu wa kimo hicho wanaweza kuubeba utani wetu.

Sasa kitazame mara tatu kabla hujafungua mdomo.

Mara ya kwanza zima sauti kabisa. Hatua hii usiiruke, kwa sababu muziki mzuri hufunika mengi, na macho peke yake hayahongeki. Unachoona ni hiki: dada mmoja anatembea gatini, miongoni mwa maghala, anakwenda zake. Wanaume watano wanamtokea. Hawana gitaa, hawana ngoma, hawana kinanda, ila mikono yao inapiga. Vidole vinakimbia juu ya nyuzi ambazo hazipo na mikono inashuka juu ya ngoma ambazo hazijaletwa. Mwimbaji, Steve Perry, anaikazia kamera macho kwa uchungu, mishipa ya shingo imesimama. Kisha vyombo vinatokea. Halafu unamwona mpiga kinanda, Jonathan Cain, na kinanda chake kimebandikwa ukutani, ubavuni mwa ghala, naye amekisimamia akikipiga pale pale kilipo. Bendi inageuka kwa pamoja kuitazama kamera. Dada anaendelea na safari yake. Mwishowe tunamkuta kitandani, amevaa vipokea sauti masikioni.

Andika kila unachokiona, kwa maneno makavu kama ya askari anayeandika maelezo ya shahidi, na usitie kejeli bado. "Mwanamume anapiga ngoma hewani. Mwanamke hamtazami." Ukiisoma orodha hiyo kwa sauti ya kawaida, wenzako watacheka kabla hujaongeza neno. Picha yenyewe ndiyo inayochekesha, na wewe unaionyesha tu. Majina unayoipa yakizidi, "ujinga mtupu", "kichekesho cha karne", kicheko kinapungua, kwa sababu umemnyima msikilizaji nafasi ya kugundua mwenyewe.

Mara ya pili fumba macho, usikilize. Hapa wengi watashangaa, kwa kuwa wimbo ni mzito. Perry na Cain waliuandika wakati wenzao wawili, mpiga gitaa Neal Schon na mpiga besi Ross Valory, ndoa zao zilikuwa zinavunjika. Kinanda kinafungua kwa mdundo wa kukimbia, ngoma inaingia kwa kishindo, sauti inapanda mpaka unahisi mtu anaagana na nyumba yake. Ni wimbo wa watu waliopendana wakashindwana na bado wanatakiana heri. Uchungu huo ushike vizuri, utauhitaji sasa hivi.

Mara ya tatu tazama na kusikiliza kwa pamoja, ukiwa na kalamu. Tafuta sekunde ambazo sikio linaambiwa hili na jicho linaonyeshwa lile. Sauti inazungumzia ndoa inayovunjika. Picha inakuonyesha kinanda ukutani. Sauti ni ya ngoma zinazotetemesha kifua. Picha ni ya mtu anayepiga upepo. Pengo hilo ndilo utani wako wote. Kila unapoliona, andika dakika na sekunde, na usikusanye mengi mno. Matano yaliyo bora yanakutosha kwa wimbo mmoja, na mengine yaache yapite, watu wapumue.

Nakusihi pia uwafahamu wachezaji wenyewe kabla ya kuwacheka, kwa kuwa maarifa huunoa utani. Yule anayepiga ngoma hewani ni Steve Smith, aliyesomea ngoma katika chuo cha muziki cha Berklee na ambaye baadaye aliheshimiwa sana katika jazi. Schon aliingia bendi ya Santana akiwa bado hajafika miaka 20. Cain na Perry, pamoja na Schon, ndio waliotunga "Don't Stop Believin'" ya mwaka 1981. Ukijua hivyo, huwezi tena kusema "hawa hawajui kupiga". Unasema jambo la kweli, na la kuchekesha zaidi: mmoja wa wapiga ngoma bora wa kizazi chake amepelekwa gatini siku ya baridi, akanyang'anywa ngoma, akaambiwa apige.

Tena jua sababu. MTV ilianza kurusha matangazo tarehe 1 Agosti 1981, na ghafla kila bendi kubwa ikahitaji picha ya kuendana na wimbo. Watu waliokuwa wamezoea jukwaa, taa na umati wakajikuta mbele ya kamera, wakiimba kwa plebeki, bila msikilizaji hata mmoja. Perry mwenyewe hakupendezwa na wazo la bendi kuigiza; kwake wao walikuwa watumbuizaji, si waigizaji. Kanuni za kazi hiyo zilikuwa bado hazijaandikwa. Waliobahatika, kama a-ha na "Take On Me" ya mwaka 1985, walipata mwongozaji mwenye wazo moja lililoshikamana, la mchoro wa penseli unaogeuka mtu, na wazo hilo likaibeba video mwanzo hadi mwisho. Gatini New Orleans mawazo yalikuwa manne au matano, na hakuna lililojua mwenziwe anafanya nini.

Hapo sasa unaweza kutofautisha kosa na desturi. Kila siku nawasikia watu wakicheka kwamba gitaa halina waya wala spika, mpiga gitaa yuko juu ya mwamba na umeme hauonekani. Hicho ni kicheko cha juujuu. Karibu video zote za rock zina magitaa yasiyochomekwa popote, na mtazamaji amekwisha kukubaliana na hilo, kama anavyokubali kwamba nyota wa filamu haendi chooni. Slash, mpiga gitaa wa Guns N' Roses, akisimama nje ya lile kanisa dogo jangwani akipiga solo bila waya, sicheki, maana picha ile inafanya kazi yake: upepo, vumbi, nywele, gitaa. Cheka pale video inapovunja sheria iliyojiwekea yenyewe. Journey wangebaki na vyombo vya hewani wimbo mzima, tungesema huo ni mtindo wao. Wangekuwa na vyombo halisi tangu mwanzo, tusingesema kitu. Vyombo kutokuwepo, kisha kuwepo, kisha kimoja kikapanda ukutani, ndiko kunakotuvunja mbavu.

Sasa tuje kwenye kusema.

Ukitaka walimu wa kusema juu ya picha, Afrika Mashariki tunao. Lufufu wa Dar es Salaam, DJ Afro wa Nairobi na VJ Jingo wa Kampala walijenga sanaa nzima ya kusimulia filamu za watu kwa lugha zetu, na sauti zao zilijaza vibanda umiza. Wasikilize utajifunza mambo mawili. La kwanza ni muda: neno linakuja nusu sekunde baada ya kitendo, kamwe si kabla. Ukisema "mtazameni huyu atakavyogeuka", umekwisha kumharibia. Mwache ageuke, kisha sema. La pili ni kunyamaza. Msimulizi mzuri huiachia ngumi itoe mlio wake. Na wewe pia, kinanda cha ukutani kikitokea kwa mara ya kwanza, nyamaza kabisa. Wenzako wataangaliana, na mtu mmoja atauliza, "Kile ni kinanda?" Swali hilo lina thamani kuliko sentensi yoyote uliyoiandaa.

Marekani nako, Mike Judge alianzisha katuni ya Beavis and Butt-Head mwaka 1993, ndani ya MTV ileile. Vijana wawili wako kochini wanatazama video na kuzisema. Nguvu yao ilikuwa kwamba maneno yao ni machache na hawajifanyi wajuzi. Kama unasema na rafiki, gawaneni namna hiyo: mmoja anauliza, mwingine anajibu kwa uhakika wa mtu aliyekuwepo gatini. Wachekeshaji wawili wakishindana kwa ukali, mtazamaji anachoka kabla ya kiitikio cha pili.

Ipo njia nyingine ninayoipenda kuliko zote, nayo ni kuuimba wimbo upya kwa maneno yanayoeleza kile tu kinachoonekana. Dustin McLean aliianzisha mwaka 2008 kwa "Take On Me", na mwaka uliofuata David A. Scott akaifanyia "Total Eclipse of the Heart" ya Bonnie Tyler. Video ile ya mwaka 1983, iliyopigwa na Russell Mulcahy katika hospitali kongwe ya Holloway huko Surrey, Uingereza, ilikuwa na wavulana wenye macho yanayowaka, wapiganaji wa upanga na waogeleaji, wote ndani ya jengo moja. Ilimsubiri tu mtu wa kuimba kile kilichomo.

Kwa Kiswahili kazi hii ina ugumu wake na utamu wake. Maneno yetu ni marefu, na mkazo wetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Nyimbo za Kiingereza aghalabu huangusha pigo zito kwenye silabi ya mwisho kabisa ya mstari. Ukilazimisha, utajikuta unaimba "ukutaNI", na neno litasikika geni masikioni mwa kila mtu. Dawa yake ni kuivuta ile silabi ya pili kutoka mwisho mpaka ikutane na pigo, halafu uimalizie ya mwisho kwa haraka na kwa sauti ndogo. Sikiliza waimbaji wa taarabu wanavyofanya. Wanaijua njia hiyo tangu enzi.

Kabla ya kuingia kwenye mahadhi, andika kwanza kwa mizani ya utenzi, nane kwa kila mstari. Mizani itakulazimisha kukata maneno ya ziada, na ukavu wa utenzi unaendana sana na utani. Kwa mfano, kwa gati letu la New Orleans unaweza kuanza hivi:

Kinanda ki ukutani,
ngoma yapigwa hewani,
gitaa nalo sioni,
na dada ajiendea.

Hakuna tusi ndani yake wala hakuna aliyeitwa mjinga. Kila mstari ni ushahidi, na mstari wa nne unaachana na vina vya mitatu ya kwanza kama unavyotakiwa, tena kwa kumfuata yule mtu pekee katika video ambaye anajua anakokwenda. Ukishapata beti tatu za namna hiyo, chukua mdundo wa wimbo na uanze kuzinyoosha. Ukiona mstari hauingii hata kwa kuvuta, ubadilishe. Usiimbe haraka haraka ili utoshee, kwa sababu maneno yasiyosikika hayachekeshi.

Na kama huna sauti ya kuimba, toa muziki wote uweke milio. Mwaustria Mario Wienerroither amejulikana kwa njia hiyo: anauondoa wimbo, anabakiza picha, kisha anatia sauti za viatu, pumzi, nguo zinazosuguana na kikohozi. Alifanya hivyo kwa "Dancing in the Street" ya David Bowie na Mick Jagger ya mwaka 1985, na matokeo yake ni wanaume wawili wazima wanaorukaruka usiku mahali patupu, wakihema. Unaweza kuifanya kazi hii kwa simu yako. Rekodi viatu vyako kwenye sakafu ya saruji. Kunja na kukunjua koti karibu na kipaza sauti. Pumua. Milio iwe midogo kuliko unavyodhani inafaa, kwa sababu anayesikia kwa shida hucheka zaidi anaposikia. Kwa kichupa cha Journey unahitaji mambo matatu tu: upepo, hatua za viatu vya dada yule, na vidole vikigonga ukuta wa ghala.

Hiyo "Dancing in the Street" inanileta kwenye mipaka, na hapa nakuomba usisome kwa haraka. Bowie na Jagger waliurekodi wimbo ule na kuipiga picha video yake London kwa muda mfupi mno, chini ya mwongozaji David Mallet, ili uonyeshwe kwenye tamasha la Live Aid la tarehe 13 Julai 1985. Fedha zilikwenda kuwasaidia watu waliokumbwa na njaa Ethiopia. Ucheke ukataji wa viuno kadiri unavyotaka, na lile koti refu la Bowie. Lakini usimguse mwenye njaa, na usiifanye nia yao kuwa mzaha. Video ilikuwa ya haraka kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa la haraka.

Mila yetu ya utani inayo kanuni hii tayari. Mtani anakuja msibani, anadai jeneza lisitoke mpaka apewe chake, anamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, na wafiwa wanacheka katikati ya machozi. Lakini mtani huyohuyo ndiye anayechimba kaburi na kuhakikisha watu wamekula. Ruhusa ya kucheka ameipata kwa kubeba. Basi nawe beba: ujue nyimbo zao, ujue majina yao, uweze kusema ni wapi walifanya vizuri. Asiyejua wimbo wa pili wa bendi asiicheke video ya wimbo wa kwanza hadharani.

Usicheke miili. Unene, meno, upara, ngozi, ulemavu, hayo hayakuamuliwa na mwongozaji. Dada wa kwenye gati la Journey aliajiriwa atembee, naye ametembea. Kama wanaume watano wanamtokea kwa ghafla na kumkodolea macho, hilo liulize kwa waliopanga, tena liulize kwa nguvu. Mcheke aliyeshika kamera na aliyesema "sawa, hiyo imetoka", si aliyekuwa amevaa alichopewa.

Na usimcheke mwanamume kwa kukosa ubabe. Jambo hili linanigusa, kwa sababu limeharibu kazi za watu. Mwaka 1984 Billy Squier alikuwa mwanarock anayejaza kumbi kubwa Marekani. Akatoa "Rock Me Tonite", video iliyoongozwa na Kenny Ortega, ambamo anacheza peke yake chumbani, kwenye kitanda chenye mashuka ya kung'aa, akitambaa na kuruka, amevaa fulana ya waridi. Wimbo ulifika nafasi ya 15. Lakini kicheko kilichofuata kilikuwa cha namna moja: mwanamume huyu anacheza kike. Squier amesema waziwazi kwamba video ile ilimmaliza. Yeye na Ortega kila mmoja amesimulia kivyake wazo lilikuwa la nani, na Ortega aliendelea hadi kuongoza High School Musical mwaka 2006. Ukiitazama video ile leo kwa jicho la fundi, yapo ya kucheka kwa haki: kamera haijui imfuate wapi, uhariri unakata kabla mchezo haujakamilika, na gitaa linaingia kwa kuchelewa mno kwa mtu aliyejulikana kwa gitaa. Yaseme hayo. Ule mcheko mwingine haukuwa juu ya video hata kidogo.

Kuna kosa jingine linalofanana na hilo, nalo ni kuicheka video ambayo yenyewe imekwisha kucheka. Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar mwaka 1946, na mwaka 1984 yeye na wenzake wa Queen walivaa nguo za kike na rola za nywele, wakasukuma mashine ya kufyonza vumbi katika "I Want to Break Free". Mwongozaji alikuwa yuleyule David Mallet. Waingereza waliangua kicheko mara moja, kwa sababu walitambua dhihaka ya Coronation Street, tamthilia ya televisheni waliyokua nayo. Marekani wengi hawakuijua tamthilia hiyo, wakaona wanaume waliovaa magauni, na video ikapokelewa vibaya. Kwa hiyo kabla ya kuichana video yoyote, jiulize kama waliomo wanajua wanachofanya. Tazama macho ya waigizaji. Mercury mwenye masharubu yake na kifyonza vumbi anajua. Wanaume watano wa gatini hawajui, na ndiyo maana wale ni wetu.

Bendi za nyumbani zina kanuni yao tofauti. Nairobi imekuwa na watu walioipigania rock kwa miaka mingi, Parking Lot Grass, Murfy's Flaw, Last Year's Tragedy na wengine, katika soko ambalo redio nyingi haziwapigi. Bendi changa inapotoa kichupa chenye moshi uliozidi hadi mpiga besi hafahamiki yuko wapi, usikimbilie kukirusha kwenye kundi la watu mia mbili. Waandikie wenyewe kwanza. Waambie kwa dakika na sekunde, kama ulivyojifunza kwa Journey: hapa midomo imepishana na sauti, hapa mpiga ngoma anapiga sahani ambayo haisikiki kwenye rekodi, hapa mmeonyesha jengo bovu mara sita na hatujui mnalifanyia nini. Waambie wimbo uchezwe kwa sauti kubwa wakati wa kupiga picha, ili mwimbaji aimbe kwa kifua badala ya kuchezesha midomo, kwa maana shingo isiyokaza huonekana hata na mtoto. Waambie wachague wazo moja. Kama wana fedha za siku moja tu, wasimame kwenye chumba kimoja chenye taa moja nzuri na wapige wimbo wao mara kumi, kamera ikibadilisha mahali kila mara. Mhariri atapata cha kutosha. Na kama kuna mtu kwenye bendi ambaye hajafurahia wazo la mwongozaji, wamsikilize kabla hawajafika gatini. Wakishatoa video ya pili na ya tatu, wakiwa na mashabiki wa kuwatetea, waombe ruhusa ya kuicheka ile ya kwanza pamoja nao, jukwaani, wao wakiwa wameshika kipaza sauti.